Msomaji wako ameshika karatasi gani? Mwongozo kwa anayeandika kuhusu sheria ya ardhi

Miaka yangu ya mwanzo ya kuandika makala za sheria ya ardhi nilimwandikia mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Alikuwa na shahada na subira. Mezani kwake kulikuwa na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, na alifurahia kuona kifungu kimoja kikilinganishwa na kingine. Kusema kweli nilikuwa najiandikia mwenyewe. Wasomaji wangu halisi nilikuja kuwakuta baadaye, mmoja mmoja, kwenye mabenchi na mbele ya mashine za kutolea kopi, na hakuna aliyefanana na yule wa kichwani.

Mwongozo huu namwandikia wakili, msaidizi wa kisheria au mwanahabari anayeeleza sheria ya ardhi kwa Kiswahili, iwe kwenye safu ya gazeti, kijitabu au kipeperushi cha kurasa nne. Vitu vya kuwa navyo ni daftari, nauli na muda wa majuma sita hivi. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, nikiwa Morogoro, mkoa ambao ugomvi wa mipaka hausubiri mvua.

Hatua ya kwanza: waandike unaowadhania

Kabla hujamuuliza mtu yeyote, orodhesha watu watano unaoamini wanakusoma. Usiandike "wananchi". Makala ya sheria haisomwi na wananchi, inasomwa na mtu fulani aliyepatwa na jambo fulani. Taja kazi yake, anapoishi, na kilichomfanya aishike makala yako badala ya ukurasa wa michezo. Tia orodha kwenye bahasha, gundi, weka kabatini.

Yangu ilikuwa na mawakili wawili, mwanafunzi wa sheria, ofisa ardhi na mwekezaji.

Hatua ya pili: kaa mahali karatasi zinakopita

Wengi wanapotaka kuwajua wasomaji hutengeneza dodoso. Dodoso litajazwa na wenye nafasi ya kujaza dodoso, na mwenye kesi Jumatatu hana nafasi hiyo. Anza kwa kuzifuata karatasi zenyewe, maana kwenye mambo ya ardhi kila mtu ana bahasha ya kaki au mfuko wa nailoni wenye karatasi zilizokunjwa mara nne.

Mahali pa kwanza ni steshenari iliyo karibu na mahakama au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linalosikiliza kesi za ardhi. Kila mji unayo, kibanda chenye kompyuta mbili, mashine ya kopi na dada anayechapa haraka kuliko karani yeyote. Dada huyo anajua sheria ya ardhi ya wilaya yake kwa namna ambayo wewe hujui. Anajua ni fomu gani imeombwa zaidi mwezi huu, ni barua ipi watu wanaikosea, na ni saa ngapi mtu huingia analia. Mnunulie soda, mwombe ukae kwenye kigoda pembeni, na umweleze wazi unachofanya. Usisome karatasi za watu mabegani mwao. Subiri wakuulize, "Na wewe unafanya nini hapa?" Watakuuliza tu.

Pa pili ni benchi la nje la Baraza lenyewe, asubuhi kabla mashauri hayajaanza kuitwa. Pale utajifunza kusikiliza, kwa sababu watu wanaosubiri kuitwa huelezana kesi zao bila kuombwa.

Pa tatu ni kijijini, siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Ukienda siku nyingine utamkuta mtendaji peke yake na daftari lake. Siku ya mkutano utamwona mwenyekiti akiulizwa kuhusu eneo la malisho, na mtu wa nyuma kabisa akisema alichosoma, au alichosomewa. Chukua jina la chapisho alilolitaja. Huenda si lako, na ndipo utakapojua unashindana na nani.

Hatua ya tatu: uliza maswali matatu, na lile la nne usiliulize

Swali la kutouliza ni hili, "Makala zangu zinakusaidia?" Niliwahi kumuuliza mama mmoja wa Mvomero.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile karatasi yetu ya mirathi ya ardhi, ilikusaidia?"

"Ilinisaidia sana baba, Mungu akubariki."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Siku mbili baadaye mjukuu wake aliniambia kwamba bibi hasomi, na kwamba ile karatasi ilikuwa imefungia sukari. Mama hakuwa mwongo. Alikuwa mstaarabu, na mimi nilikuwa nimemuuliza swali la kuombea sifa.

Maswali yanayofaa ni haya. Kwanza, "Umeshika karatasi gani?" Pili, "Imeandikwa tarehe ngapi, na umeambiwa urudi lini?" Tatu, "Nani alikuambia usome hii?" Yote matatu yana majibu ya kushikika. Hayamwombi mtu maoni, wala hayamfanyi ajione mjinga. Na ukiyauliza kwa watu ishirini tu, utaanza kuona makundi ambayo hukuyawaza.

Andika majibu kwa maneno yaleyale aliyoyatumia. Akisema "nina samansi", usiandike "ana hati ya wito". Akisema "nilifungua mirathi, nina fomu namba nne", iandike hivyohivyo, maana ndivyo wanavyoiita barua ya usimamizi wa mirathi inayotolewa na Mahakama ya Mwanzo, na ndilo neno atakalolitafuta jicho lake kwenye ukurasa wako. Tangu 2021 sheria imetamka kuwa lugha ya mahakama ni Kiswahili, na hilo limeleta msomaji mpya, mtu aliyepewa uamuzi kwa lugha yake na bado hauelewi. Anajua kila neno peke yake. Lakini "mleta maombi", "mjibu maombi", "kukaza hukumu", na hasa "mapitio" na "marejeo", ambayo kwake ni kitu kimoja na kwa mahakama ni milango miwili tofauti, vinamwacha palepale alipokuwa. Kwenye daftari langu nina kurasa mbili za maneno ya namna hiyo, kushoto neno la mahakama, kulia neno la benchi. Zimenisaidia kuliko kamusi yoyote niliyonunua.

Hatua ya nne: wapange kwa karatasi na kwa siku zilizobaki

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Vitabu vya uandishi vitakuambia uwapange wasomaji kwa umri, jinsia, elimu na makazi. Kwenye sheria ya ardhi mpango huo hauna msaada mkubwa. Kijana wa miaka 25 na bibi wa miaka 70, wote wakiwa na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa, na wote wakiwa na jirani aliyesogeza bikoni, lile jiwe la mpaka, ni msomaji mmoja. Mawakili wawili wa rika moja, mmoja akimtetea mnunuzi na mwingine mjane, ni wasomaji wawili.

Wapo wenye karatasi ya mauziano peke yake. Hawa ni wengi sana mijini, kwenye maeneo yasiyopimwa. Wanaamini mhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni hati. Ukiwaandikia "hati miliki" bila maelezo watadhani unaizungumzia ile waliyonayo, na makala yako itawadhuru. Kwao anza kwa kuonyesha karatasi ile inathibitisha nini na haithibitishi nini. Usiidharau, kwa sababu siku ya shauri ndiyo ushahidi wao.

Wapo wenye "ofa", yaani barua ya toleo inayomgawia mtu kiwanja kabla ya hati, iliyotoka miaka mingi nyuma, na ada hawakumalizia. Hawa husoma kwa siri. Wanaogopa kwenda ofisi ya ardhi wakaambiwa kiwanja kina mtu mwingine. Swali lao la kweli ni, "Nikienda nitanyang'anywa?" na hawatakuuliza mbele ya watu.

Wapo wa vijijini wenye hati ya hakimiliki ya kimila, au wanaosubiri kuipata. Hao wanataka kusikia jambo moja lililomo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila hali na ile inayotolewa na serikali. Niliwahi kuiweka sentensi hiyo katikati ya aya ya tano. Siku hizi inakaa juu.

Halafu wapo wasio na karatasi kabisa. Mjane anayelima shamba la mumewe kwa miaka 30. Mfugaji ambaye haki yake iko kwenye njia ya mifugo na kisima, wala si kwenye kiwanja. Usidhani kwa kuwa hawana karatasi hawakusomi. Wanakusoma kwa masikio, na nitafika huko. Kwa mjane kuna mambo mawili asiyopaswa kuyakosa. Sheria ya vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba ambao wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. La pili hulipokea kwa uzito zaidi kuliko la kwanza. La kwanza ni ahadi, la pili ni watu anaowafahamu kwa majina.

Kundi la mwisho ni la wenye karatasi ya mahakama, na hao wapange upya kwa saa. Chora mstari kwenye daftari, kushoto "ana miaka", kulia "ana siku". Upande wa miaka yupo anayedai ardhi iliyochukuliwa na mtu mwingine, ambaye sheria ya ukomo, inayoweka mwisho wa muda wa kufungua kesi, inampa miaka 12. Huyu atasoma makala ndefu, ataihifadhi, atairudia. Katikati yupo aliyepeleka lalamiko Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linapatanisha tu na haliamui, na likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Wilaya. Kulia kabisa yupo aliyeshindwa Baraza la Wilaya juzi, mwenye siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Huyo hasomi makala. Anatafuta mstari mmoja.

Nilipochora mstari huo mara ya kwanza niligundua kwamba karibu kila nilichokuwa nimeandika kilimfaa mtu wa kushoto, aliye na muda. Mtu wa kulia nilikuwa nimempa historia ya mabaraza ya ardhi tangu sheria ya 2002, aya mbili nzima, kabla ya kumtajia siku zake. Zile aya mbili nilizipenda. Nimezifuta.

Usimsahau mtoto wa marehemu. Anasimama pembeni ya makundi yote haya. Amekuja na karatasi za baba, zenye jina la baba, na anataka kushtaki kesho. Hajui kwamba kwa ardhi ya marehemu anayeweza kushtaki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwamba shauri lake linaweza kutupwa nje kwa hilo tu, hata kama haki ni yake. Kwenye daftari langu hawa hujaa Januari. Desemba ndugu hurudi nyumbani, hasa kwa wenzetu wa Kilimanjaro wenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, kikao cha ukoo hukaa, maneno hutoka, na mwaka mpya ukianza mtu anatafuta wa kumsomea sheria. Kwa hiyo makala ya mirathi na ardhi naitoa juma la kwanza la Desemba, kabla ya kikao.

Hatua ya tano: mtafute mbebaji

Jibu la lile swali la tatu, "Nani alikuambia usome hii?", ndilo litakalokushangaza. Kwenye mia moja ya kwanza niliowauliza, waliokutana na maandishi yangu wenyewe walikuwa wachache. Wengine waliletewa. Aliyeleta alikuwa msaidizi wa kisheria, mtendaji wa kijiji, mwalimu, binti wa familia aliyefika kidato cha nne, mchungaji, imamu, na mara nyingi kuliko nilivyotarajia, dalali.

Huyu dalali nimwekee neno. Nilimdhania adui wa kila nilichoandika. Kumbe ndiye msomaji wangu makini kupita wote, anayenipigia kunisahihisha nikikosea jina la fomu. Anasoma ili ajue mnunuzi atauliza nini. Sijui kama nimemfanya dalali mwema zaidi au mjanja zaidi, lakini sasa najua yupo, na naandika nikijua kwamba kila onyo ninalompa mnunuzi linasomwa na pande zote mbili.

Msaidizi wa kisheria ni mbebaji wa aina yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imemtambua rasmi, na vijijini ndiye aliye karibu kuliko wakili. Hahitaji utangulizi wako kuhusu umuhimu wa ardhi. Anahitaji kitu anachoweza kukisoma kwa sauti chini ya mwembe, watu wakimkatiza, kisha akaendelea bila kupotea. Fanya jaribio hili: mpe ukurasa wako, mwombe amsomee mtu mwingine, wewe kaa mbali. Weka alama kila anapokwama, kila anaporudia sentensi, na hasa kila anapoacha maneno yako na kusema, "Yaani anamaanisha..." Kinachofuata baada ya "yaani" kiandike. Hiyo ndiyo sentensi uliyopaswa kuiandika wewe.

Hatua ya sita: uliza ardhi iko wapi, usiulize mtu yuko wapi

Kiswahili kinavuka mipaka ambayo sheria haivuki. Nilipokea swali kutoka kwa bwana mmoja aliyeko Muscat kuhusu kiwanja cha urithi Kisauni. Nikamjibu kwa uangalifu mkubwa, nikamtajia mabaraza na vifungu. Alikuwa anazungumzia Kisauni ya Unguja. Siku nyingine angeweza kuwa mtu wa Kisauni ya Mombasa. Kote huko jibu langu la Bara halikuwa na kazi.

Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya umiliki wa ardhi ya 1992 na Mahkama yake ya Ardhi, na hata neno wanaliandika hivyo, "mahkama". Karatasi za huko zina historia nyingine. Utakutana na mtu mwenye shamba la eka tatu lililogawiwa familia yake baada ya Mapinduzi ya 1964, na swali lake halimo kwenye sheria yoyote ya 1999. Kenya wana Katiba ya 2010, sheria ya ardhi za jamii ya 2016 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Msomaji wa Kilifi au Kwale akisema "maskwota", yaani wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, anabeba mgogoro wa Mwambao ulioanza kabla ya babu yake. Hatari zaidi ni pale mambo yanapofanana nusu. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12 kwao kama kwetu, kwa hiyo akiuona kwenye makala yako anakuamini, kisha anachukua na zile siku 45 ambazo si zake.

Tiba ni ndogo. Juu ya kila makala, chini ya kichwa, weka mstari unaosema sheria hii ni ya ardhi iliyoko wapi. Nami nimeongeza wa pili: "Kama ardhi yako iko Zanzibar, Kenya au kwingine, usihesabu siku kwa makala hii." Wahariri huukata wakidhani ni pambo. Upiganie.

Walioko Oman, Uingereza au Marekani ni kundi lao pia, kwa sababu mbali na umbali wana swali ambalo aliyeko nyumbani hana, kama mtu aliyechukua pasipoti ya nchi nyingine bado anaweza kumiliki ardhi alikozaliwa. Usilijibu kwa sentensi moja mwishoni mwa makala ya jambo jingine.

Hatua ya saba: linda daftari lako

Kadiri unavyowajua ndivyo unavyoweza kuwaumiza. Nilikosea hapa, na nalisema ili usirudie. Niliandika mfano wa mama aliyeuziwa nyumba bila ridhaa yake. Sikutaja jina. Nilitaja rangi ya geti, mwembe ulioanguka na kazi ya mumewe, kwa sababu nilidhani mfano mzuri unataka uhai. Mtaa mzima ulimjua kabla ya jua kuzama, na mumewe pia.

Tangu hapo daftari langu lina herufi na namba tu. Majina na simu viko mahali pengine, na vya wasiohitaji kupigiwa tena nimeviharibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imenipa jina rasmi la kile ambacho mama yule alikuwa anastahili tangu mwanzo: mweleze mtu kwa nini unachukua taarifa zake, chukua zinazohitajika tu, usizitumie kwa jambo jingine. Mfano wa kuchapisha utunge kwa vipande vya watu watatu au wanne wasiojuana, na geti lisiwe na rangi.

Kumbuka pia kwamba kesi ya ardhi ina pande mbili, na upande wa pili nao ni wasomaji wako. Ukimwelekeza mmoja benchini kwa kirefu, mwenzake yuko hatua nne nyuma yake anasikia. Na mtu akikuuliza, "Nitashinda?", mwambie hujui, kisha umwelekeze kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Ukiwa wakili mwenyewe, angalia zaidi: kanuni za maadili zinabana kujitangaza, na kukaa steshenari ukigawa kadi za ofisi yako si utafiti tena.

Hatua ya nane: andika upya makala moja

Usiandike upya zote. Chagua ile unayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo yenye kasoro nyingi zilizojificha. Makala yangu ya rufaa ilianza hivi: "Kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, mtu asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya katika shauri lililoanzia hapo anayo haki ya kukata rufaa." Yote ni kweli. Baada ya majuma sita ilianza hivi: "Tazama tarehe iliyoandikwa mwisho wa hukumu yako. Kama shauri lilianzia Baraza la Wilaya, una siku 45 za kupeleka rufaa Mahakama Kuu. Leo hii omba nakala ya hukumu kwa barua, na ubaki na kopi yenye mhuri wa kupokelewa." Sababu ya barua ikafuata, kwamba siku za kusubiri nakala zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, ila utahitaji kuonyesha uliiomba lini. Kisha ukurasa mzima wa mfano wa barua yenyewe, wenye nafasi za kujaza kwa mkono. Namba ya sura ya sheria ilikwenda chini, ambako wakili ataikuta na mwingine hatahisi kuikosa.

Wakili mmoja rafiki yangu aliisoma akasema nimeirahisisha mno. Nilimwonyesha mwisho wa ukurasa. "Basi sawa," akasema, akaomba kopi kwa ajili ya mteja wake.

Ukimaliza, fungua ile bahasha ya hatua ya kwanza. Kwenye orodha yangu, mwanafunzi wa sheria alikuwepo kweli, na mawakili ni kweli husoma, hasa wachanga, usiku wa kuamkia kesi. Ofisa ardhi alisoma makala moja iliyomkosoa. Mwekezaji hadi leo sijamwona.

Hatua ya tisa: rudi steshenari

Rudi kila baada ya miezi mitatu. Acha nakala moja ya kijitabu kwa dada wa mashine ya kopi, na umwombe asikitunze vizuri. Ukirudi, usimuulize watu wamesemaje. Kifungue uone ni ukurasa gani umelegea kwenye gundi kwa kubinuliwa kwenye kioo cha mashine, ni wapi kuna alama za vidole, ni mstari gani umepigiwa kalamu na mtu usiyemjua.

Mara ya mwisho nilipoangalia ilikuwa ukurasa wa nne, ule wa barua ya kuomba nakala ya hukumu. Ulikuwa umechanika kabisa, na dada alikuwa ameutia kwenye plastiki na kuubandika ukutani, juu ya bei za kopi. Ukurasa wa kwanza, wenye picha yangu na jina langu, ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka kiwandani.